Kasoro ya Matini Chanzi: Mfasiri Airipoti au Airekebishe Kimya?

Mtumiaji wa programu huria huupitia mwongozo haraka akitafuta jibu moja. Mfasiri hana budi kuielewa kila sentensi kabla ya kuihamishia katika lugha lengwa. Ndiyo maana mara nyingi yeye ndiye anayegundua kwamba maelezo yametaja menyu isiyokuwapo, yamekosea jina la amri, au yamesahau kikanushi katika onyo kuhusu kufuta data. Akishaigundua kasoro hiyo, afanye nini?

Baadhi ya wafasiri huirekebisha kimyakimya ndani ya tafsiri. Nia ni njema, lakini madhara ni matatu. Kwanza, wasomaji wa matini chanzi na wa lugha nyingine huendelea kupotoshwa. Pili, iwapo mfasiri ndiye aliyeelewa vibaya, hakuna atakayemsahihisha. Tatu, kasoro hiyo itakaporekebishwa baadaye, tafsiri huathirika. Katika mfumo wa gettext, unaotumiwa na programu huria nyingi, kila sentensi asilia huhifadhiwa pamoja na tafsiri yake katika faili la PO. Sentensi asilia ikibadilishwa, hata kwa herufi moja, tafsiri ya zamani huwekewa alama ya shaka, na kwa kawaida haitumiki mpaka ihakikiwe. Msomaji wa Kiswahili hujikuta amerudishiwa Kiingereza. Kwa hiyo ni vyema kuripoti mapema, kabla ya kipindi ambacho miradi mingi husimamisha mabadiliko ya matini ili kutayarisha toleo jipya.

Kasoro zinazofichuliwa na ngeli

Zipo kasoro ambazo Kiingereza huzificha. Chukua ujumbe uliotungwa kwa vipande vitatu: idadi, jina la kitu, na neno “deleted”. Kwa Kiingereza, neno hilo halibadiliki hata kitu kikibadilika. Kwa Kiswahili, kitenzi hufuata ngeli ya nomino:

- Watumiaji 3 wamefutwa.
- Viungo 3 vimefutwa.
- Picha 3 zimefutwa.

Mfasiri anaweza kubadili mpangilio wa vipande ili nomino itangulie idadi, lakini hawezi kupata kiambishi kimoja kinachozifaa nomino zote. Akichagua “zimefutwa”, programu itaandika “Watumiaji 3 zimefutwa”. Hapo asikilaumu Kiswahili kuwa ni kigumu, wala asikubali kukivunja. Mwongozo wa gettext wenyewe huwashauri waandishi wa programu kutumia sentensi kamili badala ya kuunganisha vipande. Kasoro imo katika msimbo, na ripoti ielekezwe huko.

Vivyo hivyo neno “open” likisimama peke yake: je, ni amri, “fungua”, au ni hali, “wazi”? Mfasiri asibahatishe. Aombe muktadha uongezwe, kwani gettext ina nafasi maalumu ya kuuandika.

Ripoti iwe na nini?

Ripoti nzuri hutaja toleo la programu, faili na mstari wenye kasoro, sentensi yenyewe kama ilivyo, sababu ya kuiona ni kasoro, na pendekezo la marekebisho. Mara nyingi faili la PO huonyesha mahali sentensi ilikotoka. Kwa kuwa mpokeaji huenda hajui Kiswahili, mifano mitatu iliyopangwa kama hiyo ya juu humwelewesha haraka kuliko maelezo marefu ya sarufi. Ripoti moja ishughulikie kasoro moja.

Matumizi ya maneno

Katika ripoti, tunapendekeza maneno haya yatofautishwe. *Kosa* ni tendo la mtu aliyekwenda kinyume cha usahihi. *Kasoro* ni upungufu uliomo katika kitu, kama vile mwongozo. *Hitilafu* ni kwenda mrama kwa kitu kinachofanya kazi, kama vile programu inayojifunga yenyewe. Anayeandika “kasoro katika mwongozo” huelekeza macho kwenye matini. Anayeandika “kosa lenu” huelekeza kidole kwa watu, na huenda asijibiwe.