Upepo Upo, Waya Hakuna

Machi 2017, mafundi walimaliza kusimamisha mtambo wa mwisho kati ya 365 ya shamba la upepo la Ziwa Turkana, huko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Upepo ulikuwa ukivuma kama kawaida yake, tena kwa kishindo. Umeme haukwenda popote. Laini ya kuufikisha Suswa, zaidi ya kilomita 400 kusini, haikuwa tayari, na Isolux, kampuni ya Kihispania iliyopewa kandarasi hiyo, ilifilisika mwaka huohuo. Serikali ikawatafuta Wachina wamalizie. Laini iliwashwa Septemba 2018. Kwa kipindi cha kusubiri, mkataba ulimpa mwenye mitambo haki ya kulipwa fidia ya mabilioni ya shilingi, deni la aina ambayo mwishowe humfikia mnunuzi wa tokeni za umeme.

Wengi wakisikia shamba la upepo huwaza mapanga yanayozunguka. Kwa wanaolijenga, hiyo ndiyo sehemu nyepesi, kwani mapanga hutoka kiwandani yamekamilika. Kinachowakosesha usingizi ni barabara, laini na ardhi.

Hata upepo wenyewe una hesabu zake. Nguvu yake hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: upepo wa mita 12 kwa sekunde hubeba nguvu mara nane ya ule wa mita 6. Ndiyo maana, kabla benki haijatoa hata senti, milingoti yenye vipima-upepo husimikwa na kuachwa isome mwaka mzima au zaidi. Ukikosea kasi kidogo, umekosea mapato kwa kiasi kikubwa. Loiyangalani ilifaulu mtihani huo bila shida. Upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, kisha hupita kasi kati ya milima ya Kulal na Nyiru kwa wastani wa zaidi ya mita 11 kwa sekunde. Kuna sehemu chache za nchi kavu duniani zinazoweza kujigamba hivyo.

Jambo la kushangaza ni udogo wa mitambo iliyochaguliwa. Siku hizi mtambo mmoja wa nchi kavu huweza kutoa megawati nne au zaidi. Ile ya Turkana, aina ya Vestas V52, hutoa kilowati 850 tu, juu ya mnara wa mita 44. Sababu mojawapo ni njia. Shehena zilisafiri kwa malori kutoka bandari ya Mombasa, takribani kilomita 1,200, na kilomita 208 za mwisho, kuanzia Laisamis, zilihitaji barabara ijengwe upya. Panga la mtambo ni kipande kimoja, halikunjwi wala halikatwi. Lenye urefu wa mita 25 hupita kona za milimani; lenye mita 70 lingebaki hapo hapo, na lori lake, na foleni nyuma yake. Kreni nazo hukua kadiri mnara unavyokua. Hivyo mitambo midogo mingi ikashinda mikubwa michache, na jumla ikawa megawati 310.

Upepo ukiwa chini ya mita 4 kwa sekunde, mtambo kama huo hauzalishi kitu. Ukizidi mita 25, mapanga hujigeuza yaupe upepo ubavu, na mtambo hujizima usije ukavunjika. Fundi wa kukaza bolti na kukagua mafuta ya giaboksi hupanda ngazi ndani ya mnara akiwa amejifunga mkanda, na upepo ukipita kiwango cha usalama hapandi. Mahali penye upepo bora ndipo anapolazimika kusubiri zaidi.

Ardhi ilileta mgogoro wa aina yake. Mradi ulikodishiwa ekari 150,000, malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo, ilhali mitambo na barabara zake hukalia sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki zilipatikana kinyume cha utaratibu, ikatoa mwaka mmoja kasoro zirekebishwe. Ekari zote hizo zilikuwa za nini? Swali hilo lilipaswa kuulizwa mapema, mbele ya wenye mifugo.

Kule Kipeto, shamba jingine la upepo lililoko Kajiado, mambo yalikwenda tofauti. Upepo wake haufikii wa Turkana, lakini laini yake hadi Isinya ni ya kilomita 17 hivi, na wenye mashamba walikodisha ardhi yao wenyewe kwa malipo yanayotokana na mauzo ya umeme. Mitambo 60 ilianza kuuza megawati 100 mwaka 2021. Kero ya Kipeto ni tai-mzoga: waangalizi hushinda nje na darubini, na ndege akikaribia, mtambo husimamishwa. Ng'ombe akifa jirani, mzoga huondolewa upesi usiwaite tai chini ya mapanga.

Limebaki suala la saa. Upepo wa Turkana huwa mkali zaidi usiku kuelekea alfajiri, wakati Wakenya wamelala na taa zimezimwa. Visima vya mvuke vya Olkaria, vinavyozalisha umeme wa jotoardhi, navyo havifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Umeme ukizidi mahitaji, lazima mzalishaji mmoja apunguze, na mkataba unadai umeme wa upepo ulipiwe hata usipochukuliwa. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijiondoa katika mradi huu ikihofia hasa hilo: kwamba Kenya ingelipia umeme isioweza kuutumia. Mradi uliendelea kwa fedha za wakopeshaji wengine, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwemo, na kuna usiku ambapo waongozaji wa gridi hulazimika kuamuru mapanga yapunguzwe kasi upepo ukiwa tele.