Ukame wa Ugogo na uhuru wa mchezaji

Gemu za kuvaa uhusika, zile ambazo mchezaji anaishi na mhusika mmoja kwa makumi ya saa, zina mvutano ambao kila mtunzi wake lazima aukabili. Mchezaji anataka kisa chenye uzito, chenye watu wanaompenda na kumchukia kwa sababu za kweli. Papo hapo anataka kwenda atakako na kufanya atakalo. Mtunzi akikibana kisa, mchezaji anageuka abiria. Akikilegeza, kisa kinapoa.

Katika Skyrim, iliyotoka 2011, majoka yanarudi kuitishia dunia nzima, lakini mchezaji anaweza kuzunguka akichuma mimea na kununua nyumba, na majoka yanamsubiri. Uhuru anao, hofu hana. Mwaka uliofuata Mass Effect 3 iliteleza upande wa pili. Watu waliobeba maamuzi yao tangu gemu ya kwanza ya mwaka 2007 waliona mwisho haukuyajali, wakalalamika kwa nguvu kiasi kwamba kampuni ya BioWare ilitoa mwisho uliorefushwa, tena bure.

Kwa nini basi kila uamuzi usiandikiwe njia yake? Hesabu inakataa. Uamuzi wa njia mbili ukirudiwa mara kumi, bila matawi kukutana tena, unazaa miisho 1,024, na kila mmoja unadai maandishi, sauti na picha. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa 1974, haubanwi hivyo kwa kuwa msimamizi wake ni binadamu: ukifanya jambo la ajabu, anakubunia jibu hapo hapo. Gemu ya kompyuta kwa kawaida inajibu yale iliyoandaliwa. Kwa hiyo watunzi huacha kisa kigawanyike, kisha wakakirudisha kwenye mkondo mmoja. Kazi ngumu ni kukirudisha bila mchezaji kuhisi anaswagwa.

Kijana wa Dodoma anayetaka kutunga gemu yake ya kwanza ana somo zuri la jambo hili karibu na nyumbani: njia ya misafara ya karne ya 19. Njia hiyo ilitoka pwani hadi Mpwapwa, ikavuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, ikaingia Mvumi na Kanyenye, kisha ikakata Mgunda Mkali kuelekea Tura na Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Wasafiri Burton na Speke waliipita 1857, Stanley 1871. Wote wanamtaja Magomba, mtemi wa Kanyenye, na hongo aliyodai, yaani ushuru wa kupita nchini mwake. Watemi wa Ugogo, nchi ya Wagogo, walikuwa na nguvu kwa sababu walishika maji na chakula, katika nchi inayopata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili.

Mtunzi hahitaji kuweka ukuta usioonekana wala mlango uliofungwa. Msafara wa mamia ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 na zaidi, utapita penye kisima, mchezaji apende asipende, na ataona mwenyewe sababu. Matawi yanakutana kisimani. Mtunzi anabaki na nafasi ya kuandika kwa kina kile kinachotokea pale.

Tuitazame Kanyenye. Mchezaji ndiye kirangozi, kiongozi wa msafara. Ana doti za nguo za merikani na kaniki, shanga, na posho inayopungua. Mtemi anataja hongo kubwa. Mchezaji anaweza kulipa yote na kuondoka kesho yake. Anaweza kujadiliana, ila kila siku ya mazungumzo watu wanakula na nguo zinauzwa kununua mtama. Anaweza pia kujaribu kupita usiku. Njia zote tatu zinafika Mgunda Mkali, na hapo ndipo zinapotofautiana: wapagazi wangapi wamebaki, vibuyu vina maji kiasi gani, nani ameacha kumwamini. Programu haihitaji kisa kipya kwa kila jibu. Inahitaji kumbukumbu chache na mazungumzo yaliyoandikwa ili yazisome. The Witcher 3 ya mwaka 2015 ilisifiwa kwa ustadi huu, ambapo tendo la leo linadai malipo muda mrefu baadaye.

Njia ya Ugogo inaongeza kitu ambacho gemu nyingi hazina: safari ya kurudi. Msafara ulioingia bara na nguo hutoka na pembe, na unapita kwa watu wale wale. Aliyetoroka usiku atamkuta mtemi akimjua. Mahali ni pale pale, gharama ya kuchora haiongezeki, na maamuzi ya mwanzo yanapata uzito wake.

Na anayetaka vita? Aruhusiwe. Visima vitafungwa, hakuna atakayemuuzia uwele, wapagazi watatoroka na kuacha mizigo njiani. Naona ni kosa kumwekea hapo tangazo la kushindwa na kumrudisha nyuma. Gemu imwache aendelee kwa miguu hadi Tura na watu aliobaki nao, na huko wamuulize wenzake wako wapi.