Tumbawe Jeupe Bado Lina Roho

Mwezi wa tatu kuelekea wa nne, kaskazi ikishalegea na kusi haijashika, bahari yetu ya Unguja hupata joto kwelikweli. Mwaka 1998, na tena 2016, joto hilo lilipita kiasi na miamba ikapauka. Watu wakasema matumbawe yamekufa. Mimi niliyekulia majini na miwani usoni huwabishia hapo hapo: lililo jeupe bado lina roho.

Tumbawe ni mnyama, si jiwe. Ndani ya nyama yake unaishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho. Huo ndio mpishi wake, na rangi tunayoiona nyingi ni yake. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe huufukuza mwani, na mifupa ya chokaa ikaonekana hadi nje. Sogea usiku na tochi, utaviona vidole vyake vikichezacheza, vikisaka chakula. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yakichelewa, mnyama hufa njaa, na majani ya baharini huiwahi mifupa kabla mtoto wa tumbawe hajapata pa kukaa.

Hapo ndipo anapohitajika pono. Utamsikia kabla hujamwona, akikwangua mwamba kwa meno yaliyoungana yakawa mdomo mgumu. Anakula majani, anameza na chokaa, kisha anakunya mchanga mweupe. (Naam, huo huo wanaoulalia watalii.)

Kwa hiyo hifadhi ya kisiwa cha Chumbe naithamini kuliko miradi mingi ya kupandikiza matumbawe kwenye vyuma, ambayo hupendeza zaidi pichani. Tangu 1994 mwamba wa magharibi ya kisiwa hicho hauvuliwi. Miongoni mwa walinzi wake wamo waliokuwa wavuvi, nao hawana silaha. Mwenye ngalawa akiingia, humwendea wakazungumza naye. Hata mgeni anayelipa haruhusiwi kuzamia na mtungi.

Ulinzi huo haupozi bahari. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa matumbawe duniani kwa mara ya nne, na moshi unaoleta hayo si wa mashua zetu. Ila pono tunawamaliza wenyewe. Kwenye diko ninaponunua kitoweo, pono wasiozidi kiganja hunadiwa kwa mafungu, wala hakuna anayeuliza wametoka mwamba gani. Ningepewa amri, ningeanzia mnadani: pono mchanga asipokelewe.