Nairobi hadi New York: Umbali Mmoja, Nyakati Mbili

Mwezi wa Oktoba 2018 Shirika la Ndege la Kenya lilianza safari za moja kwa moja, bila kutua njiani, baina ya Nairobi na New York. Safari ya kwenda ilipangiwa muda wa saa 15, na ya kurudi saa 14. Miji haikusogea, na ndege ni ya aina ile ile. Saa moja hiyo imetoka wapi?

Tuanze na umbali wenyewe. Dunia ni tufe, ilhali ramani ya ukutani ni bapa, na mstari uliopigwa kwa rula juu yake si lazima uwe njia fupi. Msomaji na achukue tufe la shuleni, auvute uzi baina ya miji hiyo mpaka ukaze. Uzi utaelekea kaskazini-magharibi, upite Sudan Kusini, Chadi, Sahara ya Algeria na Moroko, kisha uvuke Atlantiki. Utapanda hata kuipita latitudo ya New York kabla ya kuushukia mji huo. Urefu wake ni takriban kilomita 11,840.

Kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, umbali huo ni wa saa 13 na dakika 9. Lakini kasi ya ndege hupimwa kwa kulinganishwa na hewa, wala si ardhi, na hewa nayo imo safarini. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, kaskazini ya tropiki, huvuma mikondo ya upepo itokayo magharibi, ambayo pengine hupita kilomita 200 kwa saa. Februari 2020 ndege ya abiria iliyosukumwa na mkondo wa namna hiyo ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56.

Wengi hudhani kwamba muda uliopotea wakati wa kwenda hurudishwa wote wakati wa kurudi. Sivyo. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, upepo wa kilomita 100 kwa saa unavuma njia nzima. Kwenda, kasi juu ya ardhi ni 800, na muda ni saa 14 na dakika 48. Kurudi, kasi ni 1,000, na muda ni saa 11 na dakika 50. Jumla yake inazidi ile ya safari mbili zisizo na upepo kwa dakika 20 hivi, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo unaoizuia kuliko katika upepo unaoisaidia.

Huu si udadisi mtupu. Dakika za nyongeza zahitaji mafuta, na mafuta ni uzito. Uwanja wa Nairobi uko yapata mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na nguvu ya kuinua ndege hupungua. Ndege iliyojazwa mafuta ya kushindana na upepo huenda ikalazimika kuacha viti vitupu, au shehena chini. Kwa hiyo wapangaji wa safari huchunguza utabiri wa upepo kila siku, na mara nyingine huchagua njia iliyo ndefu kwa kilomita lakini fupi kwa saa.