Cheti safi si ngao ya mtoto

Juma hili tuzungumze juu ya karatasi moja ambayo wakazi wa mijini hapa Kenya wanaifahamu vyema. Ni cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi. Anayetafuta kazi ya ualimu, ya kuendesha basi la shule au ya kutunza wazee huambiwa akakilete. Huchukuliwa alama za vidole, Idara ya Upelelezi wa Jinai hupekua majalada yake, na asipopatikana na lolote hupewa cheti kisicho na doa. Mwajiri akikiona, roho hutulia. Swali letu leo ni hili: je, ana sababu ya kutulia?

Twende kwanza Uingereza, kwa maana huko swali hili liliulizwa kwa machozi na majibu yake yakaandikwa hadharani.

Tarehe 4 Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 walitoka jioni kutembea, wasirudi tena. Aliyewaua alikuwa Ian Huntley, mwangalizi wa majengo ya shule ya sekondari ya mji huo. Desemba 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha. Kesi ilipokwisha ndipo wananchi walipoelezwa jambo lililowaacha vinywa wazi. Kati ya 1995 na 1999, huko alikokuwa akiishi zamani, mtu huyu alikuwa amefikishwa katika masikio ya wakuu kwa tuhuma nane za makosa ya ngono. Hakuna hata moja iliyomtia hatiani.

Basi alipataje kazi shuleni? Sir Michael Bichard aliteuliwa kuchunguza, naye akatoa ripoti yake Juni 2004. Hapakuwa na njama yoyote. Palikuwa na uzembe wa kawaida, ule tunaoujua sote. Polisi wa Humberside, zilikofika tuhuma hizo, waliitazama kila moja peke yake kana kwamba inamhusu mtu tofauti, na kumbukumbu zao hazikutunzwa ipasavyo. Mwaka 2001 Huntley alipoomba kazi kwa jina la Nixon, polisi wa Cambridgeshire walilipekua jina hilo tu. La Huntley likaachwa. Nayo shule ikapokea barua za kumsifu bila kuwauliza walioziandika.

Tazama basi: hata kama kila ofisa angeridhika na rekodi ya hukumu za mahakama peke yake, mtu huyu angeonekana msafi. Alichokosa ni hukumu. Habari zake zilikuwapo, zimetawanyika.

Waingereza walijifunza. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2006, na tangu Desemba 2012 kazi ya ukaguzi imo mikononi mwa ofisi moja inayoitwa DBS. Kwa kazi za kuwa karibu sana na watoto au watu wazima wasioweza kujitetea, ukaguzi una tabaka tatu. Kwanza, hukumu na maonyo ya polisi. Pili, habari nyingine ambazo polisi wa eneo wanaona zinahusika na kazi hiyo, hata kama hapakuwa na hukumu; na mhusika ana nafasi ya kuzipinga. Tatu, orodha ya watu waliopigwa marufuku kufanya kazi hizo. Na hapa ndipo penye kiini: mwajiri akimwondoa mtu kazini kwa sababu amemdhuru mtoto, sheria inamlazimu kupeleka habari hizo DBS. Akinyamaza, ametenda kosa.

Sasa turudi nyumbani. Tusidhani kwamba hatuna sheria. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 39, inasema kwamba aliyepatikana na hatia ya kosa hilo, akiomba kazi ya kutunza watoto au watu wanyonge bila kueleza hukumu yake, ametenda kosa jingine. Kifungu hicho hicho kinamtaka Msajili wa Mahakama Kuu aweke daftari la waliohukumiwa. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ina uwezo wa kumfuta mwalimu katika daftari lake, na waraka wake wa mwaka 2010 unamwajibisha hata mwalimu anayejua mwenzake amemharibu mwanafunzi kisha akanyamaza.

Lakini cheti, daftari na orodha hujua yale tu yaliyofikishwa huko. Na sisi, mpenzi msikilizaji, tuna mazoea ya kutoyafikisha. Mtoto amenajisiwa, wazee wa pande mbili wanaketi, mbuzi au fedha zinatolewa, mambo yanakwisha. Shule ya binafsi inamshuku mwalimu. Mwenye shule, kwa kuogopa jina la shule kuharibika, anamwita faraghani, anamlipa mshahara wake na kumwandikia barua nzuri ili aende zake. Mwezi ujao mwalimu huyo yuko mtaa wa pili, cheti mkononi, na cheti hakisemi uongo. Ni sisi tuliokinyima la kusema.

Kweli, tuhuma si hatia. Wako waliosingiziwa kwa chuki au kwa deni. Ndiyo sababu jambo lifikishwe kwa wenye kazi ya kuchunguza, lipimwe, na asiye na kosa asafishwe. Likizimwa sebuleni, mkosaji huponyoka na msingiziwa hubaki na uvumi maisha yake yote.

Mzazi au mwajiri afanye nini? Cheti akiitishe, na akitazame kwa majina yote ambayo mtu huyo amewahi kutumia. Mwalimu akaguliwe kama yumo katika daftari la TSC. Barua ya sifa isiaminiwe kwa muhuri wake. Mwajiri wa zamani apigiwe simu, aulizwe waziwazi: mtu huyu aliondokaje, na je, ungemrudisha awe karibu na watoto wako? Miaka iliyorukwa katika maelezo ya kazi iulizwe pia. Na yaya wa nyumbani, ambaye wengi wetu humchukua kwa maneno ya jirani tu, naye aulizwe hivyo hivyo. Kisha, baada ya kumwajiri, mtoto asikilizwe anapokataa kubaki na mtu fulani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili anayeficha huwa ni mmoja, na anayeumia huwa ni mtoto wa mwingine. Kabla ya kumwandikia mtu barua nzuri ili akuondokee, mfikirie mtoto wa huko aendako.