Statini, Mchele Mwekundu na Suala la Kipimo

Kolesteroli, au lehemu, ni aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kukosa, kwa kuwa hutumika kujenga kuta za seli na baadhi ya homoni, na sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini, wala haitoki kwenye chakula. Madhara huanza pale inapozidi katika chembe za LDL, yaani vibebeo vinavyoisafirisha katika damu, kwa sababu chembe hizo hujipenyeza katika kuta za ateri na kuacha utando ambao siku ukipasuka damu hugandia hapo hapo, na moyo au ubongo ukanyimwa damu. Hadi kufikia hapo mara nyingi mtu huwa hasikii dalili yoyote.

Dawa zinazotumiwa zaidi kushusha kolesteroli ni za kundi la statini, na asili yake ni kuvu. Mnamo 1973 mwanabiokemia wa Kijapani Akira Endo, aliyekuwa katika kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, baada ya kuchunguza maelfu ya vijiumbe, aligundua kwamba kuvu wa Penicillium citrinum hutoa kitu kinachozuia kimeng’enya, yaani protini ya kuharakisha kazi za kikemikali mwilini, ambacho ini hukitegemea kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa hivyo, huongeza vipokezi kwenye seli zake ili linase chembe za LDL zilizomo katika damu, na ni ugunduzi wa vipokezi hivyo uliowapatia Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Statini ya kwanza kuingia sokoni, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Miaka saba baadaye utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusisha wagonjwa wa moyo 4,444 ulionyesha kwamba simvastatini ilipunguza vifo kwa takriban asilimia 30, ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa.

Pamoja na ushahidi huo, wapo wanaoziogopa dawa za hospitali kwa kuwa ni kemikali, wakachagua mchele mwekundu wa Kichina, ambao ni mchele uliochachushwa kwa kuvu wa Monascus na huuzwa kama kirutubisho cha asili. Mchele huo hushusha kolesteroli kweli, lakini hufanya hivyo kwa kuwa una monakolini K, ambayo kikemikali ni lovastatini ile ile, kwa hiyo anayeikimbia statini huwa ameimeza bila kujua. Kinachotofautisha viwili hivyo ni kipimo: kidonge cha hospitali kimeandikwa miligramu zake, ilhali kiasi kilichomo katika vidonge vya mchele hubadilika kutoka chapa moja hadi nyingine, na baadhi vimekutwa na sitrinini, sumu ya kuvu inayodhuru figo. Nao Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliamuru kwamba monakolini katika matumizi ya siku moja isifike miligramu 3.

Virutubisho vingine havina hata nguvu hiyo. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2022 ulilinganisha kwa siku 28 rosuvastatini ya miligramu 5, ambayo ni dozi ndogo, na virutubisho kadhaa, vikiwemo kitunguu saumu, mdalasini, manjano na mafuta ya samaki: dawa ilishusha LDL kwa karibu asilimia 38, na hakuna kirutubisho kilichokizidi kwa kiwango cha maana kidonge kisicho na dawa. Kitunguu saumu kibaki jikoni, mahali pake.

Statini nazo zina madhara yake. Baadhi ya watumiaji hupata maumivu ya misuli, ambayo mara chache sana huwa makali kiasi cha kuhatarisha figo. Juisi ya balungi huongeza kiasi cha simvastatini katika damu. Na mjamzito kwa kawaida hushauriwa kuacha dawa hizo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hana budi kumtajia daktari au mfamasia kila anachokimeza, vikiwemo vidonge vya asili alivyonunua bila cheti, kwani anayechanganya statini na mchele mwekundu huwa ameongeza dozi ya dawa ya aina ile ile.