Mizinga ya Kagera ingali masikioni: tuwapeleke wazee wetu wakapimwe

Vita vya Kagera vilimalizika mwaka 1979, lakini hapa Masama wapo wazee ambao mizinga yake ingali ikivuma masikioni mwao. Hatusemi hivyo kwa kutia chumvi. Ni mlio halisi usiokoma usiku wala mchana, unaowanyima usingizi na kuwatenga na mazungumzo ya nyumbani kwao. Kwa kuwa hauonekani, jamii imeuita uzee na kuuacha. Kamati yetu ya msikiti imeona ni wajibu kulizungumza jambo hili katika kurasa za familia, kwani tiba yake huanzia nyumbani.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Jeshi la Wananchi, Jenerali Abdallah Twalipo akiwa Mkuu wake, halikwenda peke yake. Maelfu ya mgambo waliitwa kutoka vijijini, na wengine wakatoka katika miteremko hii ya Kilimanjaro. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku hizo, leo amepita 65. Aliyesimama pasi na kinga ya masikio karibu na mizinga, au karibu na mitambo ya makombora ya BM-21 ambayo watu wa Uganda waliipa jina la Saba Saba, aliweza kurudi nyumbani mzima wa viungo huku amejeruhiwa ndani ya sikio.

Jeraha lisilo na kovu

Ndani ya sikio Mwenyezi Mungu ameweka chembe zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo huipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele ya desibeli 85, ikidumu saa nane kila siku, yatosha kuzidhuru kidogo kidogo. Mlipuko wa mzinga huvuka desibeli 140, nao waweza kuziua mara moja au kupasua ngoma ya sikio. Ngoma iliyopasuka yaweza kuziba yenyewe au kuzibwa na daktari. Chembe zile zikifa hazioti tena.

Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, zikiwamo za herufi kama s, f na t. Ndiyo maana mzee huisikia sauti yako bila kulipata neno, na pengine hawezi kutofautisha “sita” na “tisa”. Kumpigia kelele hakumsaidii. Huongeza mvumo na maumivu. Hali ni hiyo hiyo msikitini tunapoongeza sauti ya kipaza sauti tukidhani tumewahurumia wazee.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu. Miongoni mwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, zaidi ya robo wamo katika hali hiyo. Wataalamu wanaeleza pia kwamba uziwi usiotibiwa huongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Hasara hii ina sura yake ya kwetu. Mzee asiyesikia huacha baraza, kisha huacha darsa. Watoto humwita mkaidi. Kikao cha ukoo kikikaa kugawa kihamba, yeye huketi katikati, hutikisa kichwa kwa heshima, kisha hutia dole gumba katika karatasi ambayo maneno yake hakuyasikia. Hapo haki ya mtu imo hatarini, na dhambi yake ni juu yetu tuliokuwapo na tukanyamaza.

Njia ya hospitali

Si kila uziwi wa mzee umetokana na vita. Huenda ni nta iliyoziba, usaha wa muda mrefu, umri, au dawa alizowahi kutumia, kama sindano za streptomaisini za kifua kikuu. Haya hayabainishwi kwa kukisia. Aanze zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, atazamwe sikio, kisha apewe rufaa ya kwenda Hospitali ya Wilaya ya Hai, Boma Ng'ombe. Kutoka hapo huelekezwa Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, au KCMC mjini Moshi. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya Shirika la Msamaria Mwema, lakini hufanya kazi pamoja na Serikali kama hospitali ya rufaa ya kanda, na ina madaktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Kipimo cha usikivu hakiumi. Mzee huketi mahali pa utulivu, huvishwa vipokea sauti, na kila asikiapo mlio hutoa ishara. Majibu huchorwa katika karatasi. Huenda akashauriwa kuvaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Kifaa hicho hakirudishi sikio la ujana, na betri zake zinahitaji kubadilishwa. Familia ijiandae kwa gharama hiyo tangu mwanzo.

Kuhusu malipo, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Aende na barua ya serikali ya kijiji, na amwone Afisa Ustawi wa Jamii kabla ya kukata tamaa dirishani.

Mafao hudaiwa kwa karatasi

Mzee mmoja wa jirani zetu alikwenda kudai fidia ya sikio lake mikono mitupu. Alirudishwa, naye hakwenda tena. Nchini Marekani, ambako mvumo wa masikio ndio ulemavu unaoongoza kwa wastaafu wa jeshi kulipwa fidia, mdai hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba ana ulemavu sasa, kwamba lilitokea jambo katika utumishi wake, na kwamba daktari anaona la pili ndilo lililosababisha la kwanza. Hata kwetu, ni vigumu ofisi yoyote kumsikiliza mdai asiye na ushahidi wa mambo hayo.

Basi karatasi ya kipimo na itunzwe pamoja na cheti cha kuachishwa utumishi, namba ya jeshi na nishani, kama anazo. Aliyekuwa mgambo amwone Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, na atafute wenzake waliokuwa naye vitani wangali hai, waandikishe ushahidi wao. Kila mwaka mashahidi hao wanapungua, nasi ndio tunaowasalia jeneza. Vilevile, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhusu kiziwi kama inavyomhusu kipofu, hata kama sababu ya uziwi wake haikuthibitishwa.

Kamati yetu imeazimia mambo mawili. Safu ya kwanza, upande wa kulia wa imamu, iachwe kwa wazee wasiosikia vizuri, na khatibu awaelekee anapohutubu. Pili, kila Ijumaa baada ya swala tutaorodhesha wazee waliopigana Kagera, na kila mmoja tumpatie kijana wa kushuka naye Boma Ng'ombe, amsaidie kusikia anayoulizwa na kumwandikia anayoelezwa.

Familia yenye mzee wa namna hiyo isingoje kuitwa. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie kuwatendea wema wangali hai. Amin.